Kompyuta Haikutunga: Jinsi Simfonia Zilizosahaulika Zinavyorudi Masikioni

Klipu za aina hii hupita kwenye simu mara kwa mara. Unaona picha ya karatasi zilizogeuka rangi ya chai, unasikia fidla na tarumbeta zikivuma, kisha yanakuja maandishi: simfonia iliyopotea kwa zaidi ya miaka 150, kompyuta imeifufua. Iliyofika kwenye kundi letu la WhatsApp la kwaya ilizua ubishi wa siku mbili. Mmoja alisema muziki huo umetungwa na kompyuta. Wa pili akabisha kwamba ni rekodi ya zamani iliyosafishwa kelele. Wa tatu, ambaye hakosi jibu la jambo lolote, akasema ni ujanja wa watu wasiotaka kulipa wapigaji. Mwenyekiti akaomba turudi kwenye suala la sare.

Wote watatu hawakupata, ingawa wa tatu alipita karibu na ukweli bila kujua. Siwalaumu. Maneno yanayotumika katika habari hizi ndiyo yanayochanganya: kupotea, kugundua, kufufua, kidijitali. Kila moja limebebeshwa mambo mawili matatu yasiyofanana.

Kwanza, maneno yenyewe

Ukitaja okestra Dar es Salaam, mtu wa umri fulani anasikia Maquis au Mlimani Park: magitaa, tarumbeta, sauti za waimbaji wawili na watu hawakai. Ukilitaja Unguja, anaona safu ya fidla, kanuni, udi na akodiani za taarabu, na hapo tumekaribia zaidi. Okestra tunayoizungumzia hapa ni ile ya Ulaya ya karne ya 19, yenye watu kuanzia 40 hivi hadi kuzidi 100. Vyombo vya nyuzi ndiyo uti wa mgongo, vinafuata vya kupuliza vya mbao na vya shaba, nyuma kabisa ngoma. Simfonia ni kazi ndefu iliyotungwa kwa okestra hiyo. Aghalabu ina sehemu nne na huchukua nusu saa hadi saa nzima.

Muziki wa Kiromantiki nao si nyimbo za kubembelezana. Ni jina la kipindi, takriban karne nzima ya 19 na miaka michache ya iliyofuata, ambapo watunzi walipenda kusimulia hisia kubwa kubwa: dhoruba, misitu, mizimu, mashujaa wanaokufa. Simfonia ya 5 ya Joachim Raff, ya mwaka 1872, inamhusu msichana anayechukuliwa usiku na mchumba wake aliyerudi kutoka vitani akiwa juu ya farasi. Wanakwenda mbio hadi makaburini, kwa sababu mchumba mwenyewe ni maiti. Romansi ya namna hiyo usimchezee mtu kwenye send-off.

Kuna tofauti moja zaidi ambayo bila kuielewa habari yote haitaeleweka. Mwanakwaya akishika karatasi yake ya nota anaziona sauti zote nne, ya kwanza hadi ya nne, moja juu ya nyingine. Mpiga fidla wa okestra haoni hivyo. Ana karatasi ya sehemu yake peke yake. Filimbi anazisikia tu. Anayeona kila kitu ni kondakta, yaani mwongozaji wa okestra, ambaye kitabu chake kina mistari 15, 20 au zaidi kutoka juu ya ukurasa hadi chini, filimbi juu na besi chini, yote ikisomwa kwa pamoja. Kwa hiyo kuna kitabu cha kondakta na kuna karatasi za wapigaji, na kimoja kinaweza kupotea kingine kikabaki.

Kuhusu rekodi iliyosafishwa: fonografu ya Edison ni ya mwaka 1877, na ilipita miongo kadhaa kabla okestra nzima haijaweza kurekodiwa vizuri. Simfonia ya mwaka 1850 isiyopigwa tena baada ya hapo haina rekodi yoyote ya kusafisha. Kilichobaki ni wino.

Zilipotelea wapi?

Nyingi hazikupotea popote. Raff huyo huyo, mzaliwa wa Lachen, Uswisi, mwaka 1822, aliwahi kuwa msaidizi wa mtunzi Liszt mjini Weimar, akaandika simfonia 11 zenye namba, na katika miaka ya 1870 alikuwa miongoni mwa watunzi wanaopigwa sana Ujerumani. Vitabu vyake vilichapishwa na kununuliwa. Alifariki mwaka 1882 akiwa mkuu wa chuo cha muziki cha Hoch mjini Frankfurt, na baada ya miaka michache ladha ya watu ikahama. Vitabu vilibaki kwenye rafu za maktaba palepale, havikuibwa wala kuungua. Hakuna aliyeviomba, basi.

Kundi la pili ni kazi ambazo hazikuchapishwa kabisa. Louise Farrenc alifundisha piano katika Conservatoire, chuo cha muziki cha Paris, kuanzia 1842 hadi 1873, na mumewe aliwahi kuwa mchapishaji wa muziki. Hata hivyo hakuna hata moja kati ya simfonia zake tatu iliyochapishwa yeye akiwa hai. Kuchapisha simfonia kulikuwa mzigo wa fedha: kila ukurasa ulichongwa kwenye bamba la metali, kisha karatasi za wapigaji nazo zikachongwa upande wake. Mchapishaji alitaka kujua kwanza kama kuna okestra zitakazonunua, na okestra zilitaka kwanza kuona kazi iliyochapishwa. Mwanamke aliyeandika simfonia mwaka 1845 alikwama katikati ya mlango huo.

Kuna pia zile zilizovunjika vipande. Simfonia ya 1 ya Mrusi Rachmaninov ilipigwa St Petersburg mwaka 1897, ikapigwa vibaya, ikasemwa vibaya zaidi, na mtunzi hakuruhusu ipigwe tena. Alipoondoka Urusi baada ya mapinduzi ya 1917 kitabu cha kondakta kilibaki nyuma na hakikuonekana tena. Alifariki mwaka 1943. Muda mfupi baadaye karatasi za wapigaji zilipatikana katika maktaba ya chuo cha muziki cha Leningrad (ndiyo St Petersburg ile ile), watu wakaketi wakaziunganisha, mstari wa fidla ya kwanza, chini yake wa pili, chini yake viola (fidla kubwa kidogo yenye sauti nzito zaidi), hadi kitabu kikarudi. Simfonia ikapigwa Moscow mwaka 1945. Hapakuwa na kompyuta. Wazo ni lile lile la leo: kukusanya sauti zilizotawanyika na kuzirudisha kwenye ukurasa mmoja.

Na ziko chache zilizopotea kweli, kama hadithi zinavyopenda. Mwaka 2009, katika nyumba iliyochakaa huko St. Anne, Illinois, wanunuzi wapya walikuta marundo ya karatasi za muziki. Zilikuwa za Florence Price, mtunzi Mmarekani Mweusi mzaliwa wa Little Rock, ambaye simfonia yake ya 1 ilikuwa imepigwa na okestra ya Chicago mwaka 1933, mara ya kwanza kwa mwanamke Mweusi kupigiwa simfonia na okestra kubwa ya Marekani. Alifariki mwaka 1953. Kwenye marundo yale mlikuwa na konseto mbili za fidla, yaani kazi za fidla moja mbele ya okestra nzima, na simfonia ya 4, iliyoandikwa mwaka 1945. Kwa miaka ni mtunzi wa karne ya 20, ila kwa sauti ana mguu mmoja ndani ya Uromantiki na mwingine ndani ya nyimbo na ngoma za watu wake. Simfonia hiyo ya 4 ilipigwa mara ya kwanza mwaka 2018, huko Fort Smith, Arkansas.

Hesabu hiyo: kutoka 2009 hadi 2018. Muda wote huo karatasi zilikuwa zimeshapatikana. Kupata ni siku moja. Baada ya hapo ndipo kazi inapoanza, na ndiyo kazi ambayo klipu za simu haziionyeshi.

Kabla sijaingia huko, niseme jambo moja ambalo wapenzi wa muziki huu hawapendi kulisikia. Kusahaulika hakuthibitishi kwamba kazi ni mbovu, wala kufufuliwa hakuthibitishi kwamba ni nzuri. Nimekaa na baadhi ya simfonia zilizofufuliwa, dakika 40 nzima, nikaona kabati lilizitendea haki.

Picha ya nota si nota

Mwaka 2006 mwanafunzi mmoja aitwaye Edward Guo alianzisha IMSLP, maktaba ya mtandaoni ya nota ambazo haki zake zimekwisha. Leo mtu aliyeko Dodoma mwenye bando la kutosha anaweza kupakua kitabu cha kondakta cha Raff kabla ugali haujaiva. Hapo ndipo kosa la pili la watu linapozaliwa: wanadhani kompyuta ikishapata kitabu hicho inaweza kukipiga.

Haiwezi. Alichopakua ni picha. Piga picha barua ya babu yako kwa simu, kisha iambie simu ibadilishe jina la kijiji kila lilipotajwa. Simu inaona weusi na weupe. Zipo programu za kusoma nota kutoka kwenye picha, na kwa chapa safi zinasaidia. Lakini ukizipa chapa ya 1870 yenye madoa, au mwandiko wa mtunzi aliyekuwa na haraka, utatumia muda mwingi kusahihisha kuliko ungechapa mwenyewe. Wengi huchapa wenyewe, nota kwa nota, kwa programu za kuandikia nota kama MuseScore, Dorico au Sibelius, kama walimu wetu wa kwaya wanavyochapa nyimbo za Pasaka.

Tofauti ni ukubwa wa shamba. Tuseme ukurasa una mistari 20, na kila mstari umegawanywa katika baa 8, yaani vile vyumba vidogo kati ya mistari ya wima. Ukurasa mmoja una vyumba 160. Kitabu cha kurasa 200 kina vyumba 32,000, na kila kimoja mtu anapaswa kukiangalia kwa macho yake, hata kama ndani yake mna kimya tu.

Na si kunakili tu. Chukua mstari wa baragumu, lile la shaba lililojikunja kama konokono. Pembeni mwa ukurasa pameandikwa kwa Kijerumani “Hörner in Es”. Mpigaji wa zamani hakuwa na vali, vile vibonyezo vya kubadili sauti, kwenye chombo chake. Alichomeka kipande cha bomba cha urefu unaotakiwa, na bomba hilo likaamua sauti zote zitakaa wapi. Mtunzi akamwandikia kana kwamba kila kitu kiko kwenye C, bomba likafanya lililobaki. Mwanakwaya aliyelelewa na do re mi anaelewa hili haraka kuliko mhitimu wa fizikia: mwalimu akisema “do ni F” au “do ni E-flati”, karatasi inabaki ile ile, sauti inahama. “In Es” ni mwalimu anayesema do iko E-flati. Anayechapa akichagua baragumu la F kwa sababu ndilo la kawaida siku hizi, basi mabaragumu yote yatalia toni moja juu ya okestra nzima, kuanzia mwanzo hadi mwisho, na kompyuta haitalalamika hata kidogo.

Kisha kuna mtego wa herufi. Kwa Wajerumani, B ni ile tunayoiita B-flati, na B yetu wao wanaiita H. Ukiona “Klarinetten in B” ukaamini macho yako, umekwisha. Na mabaragumu yale yale yakishuka kwenye ufunguo wa besi, watunzi wengi wa zamani waliyaandika oktava moja chini ya kawaida, kwa desturi tu ambayo kila mpigaji wa enzi hizo aliijua na hakuna aliyeona sababu ya kuieleza ukurasani.

Mwandiko wa mkono una tabia zake pia. Mtunzi aliyechoka hakujaza mstari wa viola ikiwa viola inafuata besi. Aliandika “col Basso”, yaani “pamoja na besi”, akaacha nafasi tupu kwa kurasa kadhaa. Mchapaji asiyejua atadhani viola wako kimya. Atachapa kimya, kompyuta itapiga kimya, na msikilizaji atasema mtunzi huyu ana muziki mwembamba, ndiyo maana alisahaulika.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka kwa mtu ambaye hajasahaulika hata kidogo. Schubert, mtunzi wa Vienna, aliandika alama ya mkazo, kile kimshale kidogo cha kusema “piga kwa nguvu hapa”, akiivuta ikawa ndefu. Alama ya kupunguza sauti pole pole ina umbo lile lile, ndefu zaidi tu. Kwenye nota ya mwisho kabisa ya Simfonia yake Kuu ya C, ambayo mtunzi Schumann aliikuta Vienna kwa kaka wa marehemu na mtunzi mwenzake Mendelssohn akaiongoza Leipzig mwaka 1839, ipo alama ya namna hiyo. Je, okestra nzima imalize kwa kishindo, au izame taratibu? Wapo wanaosema izame. Wapo wanaosema ni mkazo. Simfonia ya karibu saa nzima, mwisho wake unategemea sentimita ya wino. Anayechapa kwenye kompyuta hawezi kuweka “labda”. Programu ina kitufe cha hiki na kitufe cha kile.

Ratiba si safari

Haya, zimechapwa zote. Sasa kompyuta inazo nota zenyewe, na inaweza kuzituma kwa njia ya MIDI, lugha ambayo vyombo vya kielektroniki vinaitumia kuongea tangu mwaka 1983. Wanakwaya wengi wanaijua bila kuijua: ndilo lile faili dogo linalokuja na nota, unalisikiliza ili ujifunze sauti yako kabla ya mazoezi, lenye mlio kama wa simu ya zamani.

Watu hudhani MIDI ni muziki uliorekodiwa. Ndani yake hamna sauti hata chembe. Mna namba: nota namba 60, ambayo ni C ya katikati ya piano, ianze sasa, kwa nguvu ya 80 kati ya 127, iishe baada ya muda huu. Ni kama ratiba ya mabasi ya mkoani. Inakwambia gari lipi litoke saa ngapi kwenda wapi, ila hakuna aliyewahi kupanda ratiba akafika Singida.

Mabasi yenyewe ni sampuli. Makampuni kama Vienna Symphonic Library, iliyoanza mwaka 2000, yaliwaketisha wapigaji halisi studio yakawarekodi nota moja moja: nota hii kwa upole, hii hii kwa nguvu, hii fupi, hii ndefu, hii kwa upinde unaotetemeka, kisha nota inayofuata, na inayofuata, kwa kila chombo. Ratiba ikisema fidla, nota 67, nguvu 80, programu inachomoa rekodi inayofaa na kuipiga. Kwa hiyo anayesema “hizo fidla ni za bandia” amekosea, na anayesema “hizo ni fidla za kweli” naye amekosea. Umewahi kukaa benki ukisubiri namba yako iitwe? “Namba. Mia mbili. Na kumi na tatu. Dirisha. Namba. Nne.” Kila neno lilitamkwa na dada mmoja mwenye pumzi na koo. Sentensi ndiyo ambayo hakuna aliyeitamka.

Kazi ya anayeupiga muziki kidijitali ni kuifanya ile sentensi isikike kama imetamkwa. Anapochukua wimbo mmoja wa obo, chombo cha mbao cha kupuliza, wa baa 8, anachora kwa mkono jinsi sauti inavyopanda na kushuka ndani ya kila nota. Anavuta mwendo kidogo pale wimbo unapopinda, kisha anauachia. Anakata uzi wa kimya baada ya baa ya nne, kwa sababu mpiga obo wa kweli angevuta pumzi hapo, na sikio likikosa pumzi hiyo linagutuka hata kama mwenye sikio hajui kilichomgutusha. Akimaliza obo, kuna mistari 19 mingine.

Halafu kuna kishawishi. Ukumbini, filimbi moja ikipiga chini kabisa haisikiki mbele ya tromboni tatu. Kwenye kompyuta unainua kitufe, filimbi inawafunika wote. Mtunzi aliyekosea kupanga sauti zake anaweza kusahihishwa bila mtu kujua, na tukaambiwa ni gwiji aliyeonewa na historia. Kwa maoni yangu, kama filimbi ilizama, iachwe izame. Tunataka kumsikia yeye, na makosa yake ni yeye pia.

Upande wa pili wa sarafu, kompyuta ina uaminifu mmoja ambao binadamu hana: inapiga kilichoandikwa. Mpigaji mzoefu akikuta nota iliyokosewa kwenye karatasi huirekebisha kimoyomoyo na kuendelea, kosa likabaki pale kwa miaka mia. Kompyuta inalilia kosa kwa sauti kubwa. Ghafla katikati ya wimbo mtulivu filimbi mbili zinagombana nusu toni. Je, ni mchonga bamba wa Leipzig aliyesinzia, au mtunzi alitaka uchungu ule? Unarudi kwenye picha, unatafuta baa kama hiyo kurasa 60 mbele, unalinganisha, unaamua.

Basi akili unde (AI) iko wapi?

Hapa ndipo mwenzetu wa kwanza kwenye kundi alipochanganya, na si yeye peke yake. Mwaka 2019 kampuni ya Huawei ilionyesha London sehemu mbili mpya za kukamilisha Simfonia Isiyokamilika ya Schubert, ambayo aliiacha mwaka 1822 ikiwa na sehemu mbili tu zilizomalizika. Mwaka 2021, mjini Bonn, ikapigwa “Simfonia ya 10” ya Beethoven iliyoundwa kwa akili unde kutokana na vijipande alivyoacha. Pale kompyuta ilipendekeza nota ambazo mtunzi hakuziandika, na binadamu akachagua na kuzipanga. Hayo ni mambo ya kuvutia, kila mtu na maoni yake. Lakini anayepiga simfonia ya Farrenc kidijitali haongezi nota hata moja. Nota zote ziliandikwa Paris kabla ya 1850.

Katikati ya hizo mbili kuna eneo la ukungu, na kisa kizuri cha kulielewa ni cha Emilie Mayer.

Alizaliwa Friedland, kaskazini mwa Ujerumani, mwaka 1812, binti wa mfamasia. Baada ya kifo cha baba yake alihamia Stettin kusomea utunzi kwa Carl Loewe, kisha Berlin, ambako mmoja wa walimu wake alikuwa Wilhelm Wieprecht, mkuu wa bendi za kijeshi za Prussia. Mwezi wa Aprili 1850 Wieprecht aliongoza tamasha la kazi zake katika ukumbi wa kifalme wa Berlin. Aliandika simfonia nane. Hakuolewa. Pia alikuwa na kipaji cha kufinyanga vyombo na sanamu kwa mkate mweupe, jambo ambalo sijui nilifanyie nini ila nisingeweza kuliacha. Alifariki mwaka 1883, na sehemu kubwa ya muziki wake wa okestra ikabaki katika maandishi ya mkono.

Simfonia yake ya 4, ya B maina, haikubaki hata hivyo. Kilichobaki ni toleo la piano la watu wawili waliokaa kwenye benchi moja. Matoleo hayo ndiyo yaliyokuwa redio ya karne ya 19: familia isiyofika ukumbini ilipiga simfonia sebuleni kwa mikono minne. Kondakta Stefan Malzew alichukua toleo hilo akalirudisha kwenye okestra, akiamua hapa ziwe fidla, hapa klarineti, hapa mabaragumu. Ukisikiliza leo, wimbo na mwendo wa sauti ni wa Mayer. Rangi ni makisio ya mtu mwingine, mtu aliyesoma. Hakuna udanganyifu, mradi jalada liseme hivyo. Shida ni klipu ya sekunde 30, ambayo haina jalada.

Ndiyo maana ukikutana na habari ya simfonia iliyofufuliwa, swali la maana si kama kompyuta ilihusika. Kompyuta ilihusika, hata barua ya msiba siku hizi inapita kwenye kompyuta. Uliza kilichobaki kilikuwa nini: kitabu kamili cha kondakta, karatasi za wapigaji, toleo la piano, au kurasa tatu za rasimu?

Na swali la haki, kwa sababu lazima litaulizwa. Mtunzi aliyefariki mwaka 1883 hana haki miliki inayodai chochote. Hapa Tanzania na Kenya ulinzi unaishia miaka 50 baada ya kifo, Ulaya miaka 70. Lakini kazi ambayo haikuwahi kuchapishwa ina kipengele chake: katika Umoja wa Ulaya, anayeichapisha kwa mara ya kwanza baada ya ulinzi kuisha hupata haki zake kwa miaka 25. Uhariri wa kitaalamu na rekodi navyo vina wenyewe. Muziki unaweza kuwa mali ya wote, na faili unalotaka kulipakua likawa la mtu.

Sasa turudi kwa mwenzetu wa tatu, wa kukwepa kulipa okestra. Alichokaribia ni hiki: okestra ya watu 70 ni ghali, na hakuna mkurugenzi atakayeikodi wiki nzima kwa ajili ya mtunzi asiyemjua kwa sababu tu mtu fulani amesema ana vipaji. Kabla ya kompyuta, kondakta alipaswa kuketi na kitabu na kuusikia muziki kichwani, na wanaoweza kufanya hivyo kwa kazi ngeni ya mistari 20 si wengi kama wanaodai. Sasa anatumiwa faili, anasikiliza kwenye gari, anarudia sehemu ya pili, anapiga simu. Ule upigaji wa kidijitali unageuka posa inayopelekwa okestrani.

Na posa ikikubaliwa, faili lile lile lililochapwa kwa ajili ya kusikiliza ndilo linalotoa karatasi za wapigaji. Unabonyeza, programu inauchomoa mstari wa viola kutoka kwenye ile 20 na kuupanga upya kurasa kwa kurasa, jambo ambalo zamani lilikula wiki za mwandishi wa mkono. Lakini programu huweka mwisho wa ukurasa popote nafasi inapoishia, na mikono yote miwili ya mpiga viola ina kazi. Kwa hiyo mtu anarudi tena kwenye kiti, anapitia sehemu baada ya sehemu akitafuta kimya, baa mbili au tatu ambazo Mayer au Farrenc aliwapumzisha viola, na ukurasa anaukata hapo, mpigaji apate mkono wa kufunua.